Ukunga naupenda, maisha siyafurahii: je, niache kazi?

"Shikamoo dada. Mimi ni mkunga mwenye miaka 11 kazini, karibu yote wodi ya leba. Mama akinishika mkono akasema 'usiniache', bado najua niko mahali pangu. Ila nikivuka kizingiti cha nyumbani nageuka gogo. Mume akiniongelesha namjibu neno moja moja, watoto wamezoea kunikuta nimelala. Kuna mtoto tulimpoteza miezi 8 iliyopita, mabega yalikwama, ila hayo yalishapita. Juzi nimejaza dodoso la kuridhika na maisha, lile la sentensi 5, asubuhi nikitoka zamu ya usiku, nikapata 14. Wenzangu wanasema nifanye mazoezi na nizidishe sala. Tatizo ni mimi, ni kazi, au ni uchovu tu? Na je, niache?"

Marahaba mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu jicho limenasa mahali pamoja: "ila hayo yalishapita." Mtoto umempa nusu sentensi, ukamfunika, ukakimbilia dodoso. Nitarudi kwake, na nitakaa hapo kuliko sehemu nyingine yoyote. Lakini uliuliza kuhusu alama 14, na sitaki udhani nimelikwepa swali lako, basi tuanze na hiyo namba.

Dodoso ulilojaza lilitungwa Marekani na Ed Diener na wenzake, mwaka 1985. Kila sentensi unaipa alama 1 hadi 7, kwa hiyo wa chini kabisa anapata 5, wa juu kabisa 35, na 20 ndiyo katikati. Kuanzia 10 hadi 14 mtu huhesabiwa kuwa hajaridhika na maisha yake. Wewe umesimama ukingoni mwa kundi hilo. Kinachotakiwa hapo ni hukumu: ukiyatazama maisha yako kwa jumla, unasemaje? Hakipimwi kiwango cha msongo, wala ugonjwa. Sasa hakimu wa kesi hii, asubuhi ile, alikuwa nani? Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa uwezo sawa na aliyekunywa pombe mpaka ikafika asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi dereva haruhusiwi kushika usukani. Wewe umetoka kukesha, ukashika kalamu, ukayahukumu maisha yako yote. Hukumu ya namna hiyo inakatiwa rufaa.

Sisemi kwamba 14 ni uongo. Nasema isikutishe peke yake, na isikuamulie jambo.

Halafu tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wengi, hata wataalamu, huvifunga furushi moja. Msongo ni mzigo. Kuridhika ni hesabu: ninachotoa na ninachopata, vinalingana? Wewe mwenyewe umewahi kutoka kwenye zamu ambayo hukukaa chini hata mara moja, watoto watatu ndani ya saa nne, mmoja akiwa ametanguliza makalio, na ukarudi nyumbani unatembea kama umeoga maji ya baridi. Mzigo ulikuwa mkubwa, hesabu ikalingana. Na umewahi kutoka zamu tulivu kabisa ukiwa umevunjika, kwa sababu ya neno moja la mkuu wa wodi mbele ya ndugu wa mgonjwa. Johannes Siegrist, mtafiti aliyefanya kazi Ujerumani, aliliweka hilo vizuri mwaka 1996: kinachoumiza afya ni juhudi kubwa isiyorudishiwa chochote, na marudisho hayo kwake si mshahara tu, ni pamoja na heshima na uhakika wa kazi. Kabla yake, mwaka 1979, Robert Karasek wa Marekani alikuwa amesema jambo la pili linalotuhusu: kazi nzito haimvunji mtu sana kama ana uwezo wa kuamua aifanyeje. Kazi nzito usiyo na sauti ndani yake ndiyo hatari. Mfikirie mkunga sasa. Anawajibika kwa roho mbili kwa wakati mmoja, lakini haamui wataletwa akina mama wangapi, glovu zitakuwepo au la, daktari wa zamu atapokea simu saa ngapi, wala yeye mwenyewe ataenda msalani lini.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, maana umeuliza kama tatizo ni wewe. Kuna dodoso jingine, lilitungwa Denmark na kuchapishwa mwaka 2005, linalopima uchovu uliopitiliza kwa mafungu matatu: uchovu wako kama mtu, uchovu unaotokana na kazi, na uchovu unaotokana na wale unaowahudumia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wakunga karibu 2,000 wa Uingereza walilijaza. Asilimia 83 walikuwa na uchovu wa fungu la kwanza, asilimia 67 la pili. Fungu la tatu, la kuchoshwa na akina mama wenyewe, ni asilimia 15.5 tu.

Itazame tofauti hiyo. Wakunga wamechoka hadi mfupa, na waliochoshwa na akina mama ni wachache. Wanachoka na yaliyomzunguka mama. Ndivyo na wewe ulivyoniandikia bila kujua: mkono wa mama bado unakupa uhai, mlango wa nyumbani ndipo unapoanguka.

Billie Hunter, mkunga na mtafiti wa Uingereza, aliwahi kuchunguza kinachowatoa wakunga jasho la moyo, akakuta kwamba kikubwa kilikuwa mvutano kati ya kuwa na mama na kuwa na taasisi, kuliko hata damu na vilio. Sihitaji kukufafanulia, ila wasomaji wengine wasio wakunga wanasoma hapa, basi niwaonyeshe. Kitanda namba 2 kuna mama wa uzazi wa kwanza, njia imefunguka sentimita 5, anatetemeka. Hana tatizo lolote la kitabibu. Anachohitaji ni mtu akae naye dakika 20, amsugue kiuno, amwambie kwamba anachokisikia ndivyo kinavyokuwa. Mkunga analijua hilo kuliko jina lake. Lakini kitanda namba 5 mapigo ya mtoto yanashuka, kitanda namba 1 kondo la nyuma halijatoka, na patografu tatu, zile chati za kufuatilia leba, hazijajazwa tangu saa mbili zilizopita. Anapita kando ya namba 2, anasema "jitahidi mama, nakuja", na anajua kwamba haji. Miguu yake inachoka kwa kukimbia. Lakini usiku kinachomrudia ni lile "nakuja". Mwaka 1984 Andrew Jameton, mwanafalsafa wa maadili ya uuguzi, alilieleza jambo hili: unajua lililo sawa, na mazingira yanakufungia njia ya kulitenda. Mimi huliita kusononeka kwa dhamiri. Dawa yake haiko kwenye usingizi wala mazoezi, kwa sababu lilianza kwa sababu ambayo ni nzuri: unajua kazi yako.

Tena si la wodi moja. Ripoti ya hali ya ukunga duniani ya mwaka 2021 ilihesabu upungufu wa wakunga 900,000. Kwa hiyo mtu akikwambia "jipange vizuri", mwulize kwa upole atawapanga vipi wakunga ambao hawapo. Tuna methali yetu, usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na kila nikiisikia, nami ni mkunga kama wewe, huwa nacheka kidogo kwa uchungu: hata methali inayotutetea inatutetea kwa sababu mtu atatuhitaji kesho.

Basi jibu la kwanza: si wewe. Lakini pia sitakuachia jibu jepesi la "ni kazi". Kazi ni neno pana, na ukiliacha pana hivyo utaona njia moja tu, kuondoka. Ndani ya barua yako naona mambo matatu yamesukwa pamoja kama nywele, na kila moja lina kitana chake.

Sasa mtoto.

Kichwa kimetoka, kikarudi nyuma kidogo kama kobe anayevuta shingo, na ukajua. Umeita msaada, umeangalia saa ukutani, magoti ya mama yamekunjwa hadi kifuani, mtu amebonyeza juu ya kinena, mkono wako ukaingia kutafuta bega la nyuma. Mikono ilifanya ilichofundishwa. Halafu ule ukimya ambao katika leba ndiyo sauti kubwa kuliko zote. Mwezi wa kwanza uliliwaza, mwezi wa pili ukaambiwa "ni mipango ya Mungu", mwezi wa tatu wenzako wakaacha kulitaja, na wewe ukachukulia kuacha kutajwa kuwa ndiyo kupita.

Mwaka 2015 utafiti uliofanywa Uingereza kwa wakunga 421 ambao walikuwa wameshuhudia uzazi wa kutisha ulikuta asilimia 33, mmoja katika watatu, wana dalili zinazofikia kiwango cha ugonjwa wa kiwewe. Wao hawakuwa wazazi wa yule mtoto. Walikuwepo tu, na mikono yao ilikuwa ndani ya tukio. Albert Wu, daktari wa Marekani, mwaka 2000 aliwaita majeruhi wa pili wahudumu wanaobaki na jeraha baada ya kosa la tiba, na jina likaenea hadi kwa wahudumu wa namna hii. Jina hilo silipendi sana, na familia za walioumia zimelilalamikia kwa haki, kwa sababu linakaribia kuwaweka mkunga na mama aliyepoteza mtoto mizani moja. Lakini alichokiona kipo.

Jiulize haya, na ujijibu peke yako kabla hujamjibu mtu mwingine. Picha ya siku ile huja bila kuitwa, labda unapoosha vyombo? Kuna kitanda au chumba unachokwepa, unabadilishana na mwenzako kwa kisingizio? Kichwa cha mtoto kikitoka na mabega yakachelewa pumzi mbili, moyo wako hupiga vipi? Siku hizi unamwita daktari mapema kuliko zamani, unachana njia mapema kuliko zamani, unahesabu sekunde? Na lile "gogo" ulilonieleza: si lazima liwe uchovu. Kufa ganzi ni mojawapo ya dalili za kiwewe. Mtu hawezi kuzima hisia moja tu; akizima ile ya siku ile, na ya kumfurahia mwanawe aliyemletea mchoro huzimika.

Nitakusimulia langu, fupi. Mwaka wangu wa sita kazini nilipokea mtoto aliyezaliwa amekufa. Mama hakulia, alikuwa anatazama dari. Nikamfuta mtoto, nikamviringisha kwenye shuka, nikampa mama amshike. Sauti ikatoka mlangoni: "Sista, namba 4 anasukuma." Nikabadilisha aproni, nikanawa hadi viwiko, nikaingia nikitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa zuri kiasi kwamba mama yule wa pili alimpa bintiye jina langu. Nilipofika nyumbani nilikaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni hadi jua likawa kali dirishani. Hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikusema. Arlie Hochschild, mwanasosholojia wa Marekani, mwaka 1983 aliipa jina kazi hii ya kuvaa uso unaotakiwa: kazi ya hisia. Hailipwi posho, haionekani kwenye daftari la zamu, na hula nguvu kama kubeba mgonjwa ngazini.

Nini cha kufanya kwa kidonda cha miezi 8? Kwanza nikutoe hatia moja. Inawezekana kesho yake mliitwa chumba cha mikutano, mkaambiwa kila mmoja aseme alivyojisikia, ukatoka humo umezidiwa kuliko ulivyoingia. Kama ilikuwa hivyo, hukuwa mkaidi. Uchambuzi wa tafiti uliofanywa na shirika la Cochrane mwaka 2002 haukuona kwamba kikao kimoja cha namna hiyo kinazuia ugonjwa wa kiwewe, na ulishauri kukilazimisha kukome. Kinachosaidia ni kingine: mshauri au mwanasaikolojia aliyefunzwa tiba inayolenga kiwewe, kwa vikao kadhaa, polepole, ukilipitia tukio ukiwa mahali salama hadi likubali kuwa kumbukumbu badala ya kuwa jambo linaloendelea kutokea. Dalili zikishapita mwezi mmoja hazisubiriwi kujiondokea. Za kwako, kama zipo, zina miezi 8.

Sambamba na hiyo, mtafute mkunga mmoja unayemwamini kwa akili yake, si kwa huruma yake peke yake, mwombe mkae na maandishi ya uzazi ule. Dakika kwa dakika: kichwa kilitoka saa ngapi, msaada uliitwa saa ngapi, mbinu ipi ilitangulia. Nimeketi na wakunga wengi kwa zoezi hili na kitu kimoja kimenishangaza kila mara: saa ya kumbukumbu hurefuka. Aliyeamini alizubaa dakika nyingi anakuta maandishi yanaonyesha aliita msaada mara moja. Na ikiwa kuna lililokosewa kweli, litaonekana lina ukubwa wake, lina jina lake, na linaweza kurekebishwa kwa mazoezi ya pamoja ya wodi. Kosa lisilo na jina ndilo linalokaa kifuani likijiita wewe.

Jambo la pili ni usingizi, na hapa nitakwenda haraka kwa sababu mengi unayajua, ila najua pia kwamba mkunga humwambia mjamzito apumzike huku mwenyewe akinywa kahawa ya tatu. Kafeini huchukua takribani saa 5 kupungua nusu mwilini. Kikombe cha saa 10 alfajiri bado kimo ndani yako unapofunga pazia saa 3 asubuhi. Kinywe mwanzo wa zamu, kisha acha. Mkipata nafasi ya kulala zamu, dakika 20 zinatosha. Ukipitiliza hadi usingizi mzito utaamka mzito wa akili, na leba si mahali pa kuamkia hivyo. Mzunguko wa zamu unaokwenda mbele, asubuhi kisha alasiri kisha usiku, mwili huuvumilia kuliko ule unaorudi nyuma. Kuliomba hilo si anasa. Na tafadhali, ukitoka kukesha usiendeshe gari.

Jambo la tatu ni kwamba wodi inakufuata nyumbani. Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz, mwaka 2007, walitaja mambo manne yanayomrudishia mtu nguvu baada ya kazi: akili kujitoa kazini, kutulia, kujifunza au kumudu kitu kisichohusu kazi, na kuwa na uamuzi juu ya muda wako. Utaona kulala si mojawapo. Ndiyo maana unaweza kulala saa 9 na ukaamka bado gogo. Wewe siku yako ya mapumziko unaitumiaje? Naweza kubahatisha: kundi la WhatsApp la zamu linalia tangu alfajiri, nani atamshikia nani, mama fulani alipelekwa upasuaji au hakupelekwa. Lizime sauti siku za mapumziko. Anayekuhitaji kweli atapiga simu. Na utafute kitu kimoja ambacho mikono yako inakifanya bila kumwokoa mtu: bustani, ushonaji, kwaya. Hapo ndipo mazoezi na sala vinaingia, na sitavidharau hata kidogo. Mwili unaotembea hulala vizuri, na aliye na imani ana mahali pa kuweka asiyoyaweza. Kosa la wenzako si kuvitaja. Kosa ni kuvifanya jibu la maswali yote, hata lile la mtoto na lile la wakunga wasiotosha wodini.

Mumeo. Yeye hakuulizi habari za leba. Anauliza kama bado upo. Wengi wetu tunanyamaza kwa kuchanganya siri ya mgonjwa na siri ya moyo wetu. Ya mama hutasimulia, sawa. Lakini unaweza kumwambia: "Leo nimepita kando ya mtu aliyenihitaji, sikuweza kusimama, na limenikaa. Sitaki ushauri, nataka ukae hapa." Sentensi kama hizo zimewaokoa wengi kuliko vitabu vyangu vyote. Mkubaliane pia nusu saa ya kwanza ukifika: unaoga, unakula, hakuna swali. Baada ya hapo unatoka, hata kwa dakika 10, na watoto wanakuona ukiwa macho. Si muda mrefu. Ila wakujue ukiwa macho.

Kabla sijafika kwenye kuacha kazi, ukaguzi mmoja usiuruke. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya mwaka 2019, limeueleza uchovu uliopitiliza kuwa ni jambo la kikazi, si ugonjwa, wenye sura tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kuhisi huwezi tena. Kwa barua yako ninaiona sura ya kwanza tu. Sura ya pili siioni kabisa. Mkunga aliyekwisha kauka hasemi habari za mkono wa mama. Sonona ni kitu kingine: haikai kazini, inakufuata hadi kwenye wimbo ulioupenda. Kuna dodoso la maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kituo chochote chenye huduma ya afya ya akili kinalo. Lijaze mbele ya mtu, usilijaze peke yako asubuhi baada ya kukesha. Swali la mwisho linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lako likiwa lolote zaidi ya "hapana kabisa", siku hiyo hiyo umwone mtaalamu, na usikae peke yako usiku huo. Wakati uko huko upime damu na tezi ya shingo. Upungufu wa damu umewahi kuitwa msongo kwa miaka miwili kwa mtu ninayemfahamu vizuri sana, naye alikuwa akipima wengine kila siku.

Je, uache?

Usiamue sasa. Si kwa sababu jibu ni hapana, bali kwa sababu anayeamua leo ni mtu asiyelala na mwenye mtoto mmoja ambaye bado hajamaliza kumlilia. Ukiondoka hivyo utaondoka naye, utakwenda kukaa naye kwenye kazi nyingine ambayo hata hakuna wa kumwelewa. Kidonda kitibiwe kwanza, usingizi urudi, kisha ukae mezani na swali lako.

Na swali lenyewe lina ngazi kabla ya mlango. Leba si ukunga wote. Kuna kliniki ya wajawazito, wodi ya waliojifungua, uzazi wa mpango, kufundisha, ukunga wa jamii. Kuna nchi ambako mkunga hupewa akina mama wake, akawafuata kuanzia mimba hadi wiki za baada ya kujifungua. Tafiti za Australia na New Zealand zimekuta wakunga wa mtindo huo wana uchovu mdogo kuliko wenzao wa zamu za wodi, ingawa simu yao inaweza kulia usiku wowote. Kinachowaponya ni vile vile alivyosema Karasek, wana sauti katika kazi yao, na juu yake wanamjua mama kwa jina. Sikushawishi uende huko; mwenye watoto wadogo na asiye na wa kumwachia usiku anaweza kuona ni adhabu. Nakuonyesha tu kwamba kati ya kubaki ulipo na kuvua sare kabisa kuna vyumba vingi. Mimi mwenyewe leba niliiacha baada ya miaka 19, ukunga sijauacha.

Kwa sasa mwendee mkuu wako wa wodi na karatasi, usiende na machozi. Machozi atayahurumia, karatasi ataijibu. Iandikwe hivi: "Kwa wiki 8 naomba nisipangiwe zaidi ya zamu 3 za usiku mfululizo, niwe na siku 2 za mapumziko baada yake, na nipangwe na mkunga mzoefu kwenye chumba kimoja." Ombi lenye tarehe ya mwisho hukubaliwa kwa urahisi kuliko lisilo na mwisho. Akisema haiwezekani, mwombe akuandikie kinachowezekana. Mkataba namba 149 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, unataka watumishi wa uuguzi wapate saa za kazi na mapumziko ya wiki yasiyo duni kuliko ya wafanyakazi wengine. Kama nchi yako imeuridhia na inawahesabu wakunga humo, chama chenu kinaweza kuutaja kwa sauti ambayo wewe peke yako huna.

Wiki hii fanya mawili tu: panga miadi na mtaalamu wa kiwewe, na andika karatasi ya mkuu wa wodi. Mengine yatafuata.

Baada ya wiki 8, chagua siku ambayo umelala usiku mbili kamili, ujaze tena lile dodoso la sentensi 5 bila kuchungulia majibu ya kwanza. Uniandikie namba zote mbili. Na ile sentensi ya mtoto, ukiweza, iwe ndefu kidogo.